Mama Mkwe Juu ya Zege

Mkandarasi alikuwa mtu wa kutoa amri. Mafundi ishirini walimsikia na kutii, na nyapara wake hakuwahi kuambiwa jambo mara mbili. Lakini mwenye nyumba hii waliyokuwa wakiijenga alikuwa mama mkwe wake, na mama mkwe haamrishwi. Husalimiwa, hupewa kiti, huitikiwa ndiyo mama.

Tabu ni kwamba kila asubuhi mama alikuja kukagua mali yake, akapanda ngazi mpaka juu ya zege la ghorofa, kichwani kilemba tu, kofia ngumu hana. Na mwezi uliopita mkaguzi wa usalama alimkuta fundi mmoja bila kofia, akamwonya mkandarasi kwa maandishi: akimkuta mwingine, leseni anaondoka nayo.

"Hata akiwa mwenye nyumba?" mkandarasi aliuliza.

"Aliye ndani ya uzio ni mzigo wako. Sheria haina mkwe."

Sheria haina, lakini yeye alikuwa naye. Kwanza akatundika kibao langoni: Mgeni mpendwa, vaa kofia. Mama alikisoma chote, akasifu mwandiko. Kisha akamnunulia kofia nyeupe, akaifunga kwa karatasi ya zawadi. Mama akashukuru sana, na kesho yake mkewe akamweleza kwamba vitunguu vinakaa vizuri ndani yake. Kwa mtu mwingine ungesema ni kumpigia mbuzi gitaa; kwa mkwe husemi hivyo. Mwisho akamtuma nyapara, mtu wa kifua kipana asiyeogopa yeyote. Mama alimuuliza ni mtoto wa nani, wazazi hawajambo, na mbona amekonda. Nyapara alirudi amebeba mkoba wa mama.

"Bosi, hilo ni lako mwenyewe," alisema.

Alhamisi mkaguzi aliegesha pikipiki yake langoni wakati mama yuko juu, anatazama dirisha la chumba chake. Mkandarasi alinyakua kofia, akapanda ngazi mbio, maneno ya asali tayari mdomoni: mama samahani, kama hutajali, leo jua ni kali.

Hakuyasema. Mama alikuwa anarudi kinyumenyume ili alione dirisha vizuri, na nyuma yake ukingo wa zege haukuwa na kizuizi chochote. Zilibaki hatua mbili.

"Mama, simama hapo hapo! Usirudi nyuma. Njoo huku. Vaa hii. Sasa shuka."

Sauti ilimtoka kama anayemfokea kibarua. Chini, mafundi wote waliacha kazi wakatazama juu. Mama aligeuza shingo, akauona ukingo. Akavaa kofia juu ya kilemba, akashuka.

Mkandarasi alikuwa ameogopa kumpoteza mama, basi. Leseni aliisahau kabisa, mpaka mkaguzi alipopanda na kusimama kando yake.

"Leseni kaa nayo, nimeona umemshusha," mkaguzi alisema. "Ila huu ukingo ni kosa lako, si la mama. Hapandi mtu hapa mpaka uweke kizuizi."

Mama alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, kofia imemfika kwenye nyusi. Mkandarasi akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nisamehe. Nimekukosea heshima."

"Miaka tisa hujawahi kunikatalia kitu," mama alisema. "Nilidhani nimemwoza binti yangu kwa bubu. Hebu nikuulize, na unijibu kama ulivyosema kule juu. Ile nguzo ya sebuleni niliyokwambia uiondoe, inaondoka?"

"Hapana, mama. Ghorofa itatuangukia."

"Na jiko kulihamishia chini ya ngazi?"

"Hapana. Moto ukiwaka hamtakuwa na pa kutokea."

"Na nje kupaka rangi ya waridi?"

"Hapana, mama," akajibu haraka, tena kwa raha.

Mama akaiweka kofia sawa.

"Basi inatosha, mwanangu," alisema. "Usizoee."