Sauti Yenye Mafua

"Nazuia," nilisema.

Tulikuwa wanne kwenye meza ndefu, ghorofani juu ya duka la kuchapa kadi za harusi. Mashine za chini zilikuwa zikiitetemesha sakafu mpaka nyayo zikaniwasha. Mwenyekiti ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusoma pendekezo lake kwa sauti ya mtu anayekata utepe, na Mhazini alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Nikayasikia makofi yake yakikwama njiani.

"Unazuia nini, Dada?" Mwenyekiti aliuliza.

"Lote. Kuanzia neno la kwanza."

Ngoja nieleze, maana kisa hiki husimuliwa kana kwamba mimi ni mbishi tu wa kuzaliwa. Ubishi ninao, sikatai. Lakini siku ile nilikuwa na cha kubishia.

Mimi sioni. Simu na kompyuta hunisomea kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye skrini, na programu inayofanya hivyo tuliitengeneza wenyewe, kwa kujitolea. Ni programu huria: haiuzwi, na yeyote anaweza kuifungua ndani, akairekebisha, akawapa na wenzake. Kwa programu hiyo nilikuwa nikijibu malalamiko ya wateja wa kampuni ya maji. Mabomba yaliyopasuka, ankara za ajabu, matusi ya kila aina. Mshahara wangu wote ulipitia masikioni.

Sauti ya programu hiyo ilikuwa ya fundi wetu mkuu, tuliyemwita Kobe kwa sababu hakuwa na haraka na jambo lolote. Alijirekodi mwenyewe jikoni kwake, amejifunika blanketi kuzuia mwangwi, na wiki hiyo alikuwa na mafua ya kufa mtu. Hakungoja apone. Basi tangu hapo maelfu ya watu wasioona wamesomewa barua za mapenzi, matokeo ya mitihani na taarifa za misiba na mtu mwenye pua iliyoziba. Ile sauti tukaibandika jina: Mafua.

Halafu video ya mwanafunzi mmoja akifanya mtihani kwa programu yetu ikasambaa, na michango ikamiminika. Sisi tuliokuwa tukichangishana hata chai ya kikao tukajikuta na fedha ya kweli. Na fedha ikishaingia, jamani, kila mtu ana wazo.

Wazo la Mwenyekiti lilikuwa kumtupa Mafua. Fedha yote iende kwa mtangazaji wa redio mwenye sauti ya asali, kwa studio, na kwa hafla ya uzinduzi. "Watu wametuchangia," alisema, "wanataka kuona kitu." Akatuchezea sampuli. Mhazini akashusha pumzi. Msanifu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora vitufe na rangi nisizozijua, akasema, "Lo, hii nayo!"

Sasa, tangu mwanzo tulikuwa na kanuni. Uamuzi wa fedha haupiti mpaka wote tukubali, na yeyote akisema "nazuia" akatoa sababu, hakuna kinachotoka mpaka sababu yake ijibiwe. Haikuwahi kutumika hata mara moja. Nadhani waliiona pambo.

"Haya, sababu?" Mhazini aliuliza.

"Kobe anaondoka."

Alikuwa amenipigia simu juzi yake. Amepata kazi benki, anaanza mwezi ujao. Wanawe, alisema, wanataka kula hata siku ambazo baba yao anafanya kazi ya bure. Na simu zilikuwa karibu kupata mfumo mpya, ambao bila mkono wake ungeifanya programu yetu bubu. "Nimeandika kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni mara mbili," aliniambia. Nikaenda kutafuta, nikayakuta maneno yake yamezikwa chini ya pongezi za wachangiaji. Chini yake Mafua akanisomea majibu ya viongozi, vijipicha vitupu, kwa pua yake iliyoziba: "Kidole gumba juu. Kidole gumba juu." Basi. Mtu anawaaga, wao wanamwonyesha dole gumba.

"Kobe hawezi kutuacha," Mwenyekiti alisema. "Hii kazi ni ya moyo."

"Mwenye nyumba wake hapokei moyo. Fedha imlipe yeye."

"Lakini hii sauti, Dada. Sikiliza tu ilivyo tamu."

Hapo ndipo hasira ziliponipanda hasa. Nikatoa simu, nikaweka sampuli ya mtangazaji kwa kasi ninayosikilizia kazini, ambayo ni mara tatu ya mazungumzo yenu, nikaifungulia mpaka mwisho. Asali yote ikageuka nyuki ndani ya kopo. Kisha nikamweka Mafua kwa kasi ileile, akisoma lalamiko la mteja, nami nikalirudia kwa mdomo neno kwa neno, pamoja na tusi la mwisho lililomhusu mama mzazi wa mkurugenzi. Msanifu alicheka, akajizuia.

"Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuisikiliza kwa kasi yetu," nilisema. "Nyinyi mnaipima kama wimbo. Mimi naifanyia kazi. Hao wachangiaji wakitaka kuona, macho wanayo, watazame wanachotaka. Siku programu ikinyamaza, nyinyi mtabaki na picha za hafla. Mimi sitabaki na kazi."

"Ukishikilia hivyo, najiuzulu," Mwenyekiti alisema.

"Jiuzulu. Mlango uko nyuma yako, na bawaba zake nazijua. Nitakusikia ukitoka."

Bawaba hazikulia. Kilicholia ni kiti chake, akikaa upya.

Zilifuata wiki chungu. Kwenye ukurasa wetu niliitwa mwenye wivu, mkwamishaji, mtu anayempigia debe rafiki yake. Mama alinikuta nimekaa kitandani na simu mkononi.

"Mwanangu, hao watakuchoka."

"Wachoke, Mama."

"Basi njoo ule. Utawazuia vizuri ukishashiba."

Niliogopa, nisidanganye. Kuna siku niliufungua ukurasa ili nilifute lile "nazuia" nililokuwa nimeliandika na huko, kidole kikiwa kimeshafika kwenye kitufe. Nikamkumbuka Kobe akiniambia habari za benki kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, nikaufunga.

Mfumo mpya ulikuja mapema kuliko tulivyotegemea. Nilikuwa kazini, katikati ya lalamiko, Mafua akakatika kwenye neno "bomba". Nikagusa, nikagonga, nikazima na kuwasha. Kimya. Sijawahi kuwa kipofu kama dakika ile. Msimamizi alinishika bega, akaniambia kwa upole niende nyumbani mpaka hicho kitu changu kipone.

Sikuwa nimevua viatu Mwenyekiti akapiga.

"Dada, tunapigiwa simu kutoka kila mahali. Wanafunzi, mawakili, mchungaji mmoja anataka kuhubiri Jumapili na hawezi kusoma." Akaongeza: "Ile fedha bado ipo."

"Ipo kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ulizuia."

"Basi usinipigie mimi. Mpigie Kobe."

Kobe aliikataa benki. Tukamwajiri kwa mshahara wa kila mwezi, kama mtu yeyote mwenye kazi. Mafua alirudi kabla wiki haijaisha, akaanzia palepale kwenye bomba.

Mwaka ulipopinduka, Kobe mwenyewe akaandika pendekezo. Sasa ana muda, afya anayo, anataka kujirekodi upya bila gharama yoyote, aiondoe aibu ile ya pua. Nilikuwa mezani kwangu kazini. Mafua akanisomea majibu ya wenzangu, mmoja baada ya mwingine: "Kidole gumba juu. Kidole gumba juu. Kidole gumba juu."

Nikaandika: Nazuia.

Penye sababu nikaandika kwamba huyu mgonjwa ndiye aliyenifikisha hapa, na huyo mzima simjui.

Imepita miaka sasa. Kanuni inasema sababu lazima ijibiwe, na hakuna aliyeijibu.