Usukani wa Peugeot

Asteria alimpakia baba yake, mzee Mabula, kwenye pikipiki, wakatoka Kishapu wakipita mashamba ya pamba iliyokauka. Huko Samuye walikusanyika wapenzi wa magari ya zamani. Mmoja wao, Telesphori, alikuwa na Peugeot kama ile aliyoiendesha mzee miaka mingi kabla ya kupotewa na kumbukumbu.

"Shikamoo mzee. Karibu ushike usukani," Telesphori alisema.

Mabula aliketi nyuma ya usukani, mikono mapajani.

"Baba, unaikumbuka?" Asteria aliuliza.

"Hapana, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Mabula."

"Huyo simfahamu."

Telesphori aligeuza uso. Asteria alimshusha baba yake, akampakia tena kwenye pikipiki, akamfunga mgongoni mwake kwa kanga asije akaanguka, wakaanza safari ya kurudi.