Chembe ya Jumapili

Daktari wa mjini alitaja kitu kimoja tu: ngano. Utumbo wa Ilinca, bintiye Otilia wa miaka miwili, haukupatana na ngano, hata chembe. Basi Otilia akajifunga kibwebwe, jamani! Alitoa unga wote nyumbani, akanunua sufuria mpya, akamlisha mtoto ugali wa mahindi, viazi na matufaha ya kuchemsha. Katikati ya wiki tumbo hunywea, mtoto anacheza. Ikifika Jumapili jioni, yale yale: kuhara, kulia, tumbo limetuna kama ngoma.

Na Jumapili ndiyo siku ambayo mama mkwe wake, Veta, huja kula nao. Bibi mwenyewe anaoka mikate tangu usichana! Otilia akajumlisha, akapata jibu lake.

"Mama, unamlisha mwanangu mkate kwa kificho," alimtolea uvivu mezani, mbele ya mawifi.

"Mimi? Haki ya Mungu, Otilia, sijampa hata..."

"Usiape! Unataka nimzike?"

Veta alijifunga kitambaa chake kichwani, akaondoka. Wiki sita hakukanyaga pale. Alimchungulia mjukuu wake kwa juu ya ua tu.

Mtoto je? Akaendelea kuhara. Hapo mwenye akili angejiuliza. Otilia, na ubishi wake, akasema bibi anampenyezea vipande uani.

Jumapili ya saba Otilia alipanga foleni ya komunyo, ambayo kwa Waorthodoksi hata watoto wachanga hupewa, Ilinca mikononi, kama kila Jumapili tangu mtoto abatizwe. Padri Ghenadie akachota kwa kijiko kutoka kwenye kikombe. Ilinca akaachama. Ndani ya divai ilielea chembe nyeupe ya mkate.

Mkate wa ngano! Miezi yote hiyo alikuwa akimleta mwenyewe, akimwinua mwenyewe, akimwambia, "Fungua mdomo, mama."

"Divai tu, Baba," alinong'ona. "Mkate unamdhuru."

"Ungeniambia mapema, binti yangu," padri alisema kwa upole, akachota upya. "Wapo wengine nawapa divai peke yake."

Upole ule ulimuuma kuliko tusi. Uso ulimwaka, akaona haya hata kugeuka, maana mawifi walikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Alitoka akaenda moja kwa moja kwa Veta. Mama mkwe alifungua mlango, asimkaribishe.

"Ni mimi, mama," Otilia alisema. "Ni komunyo. Mkate nimemlisha mimi, wewe nikakusingizia. Nisamehe."

Veta aliitazama mikono yake.

"Kwa hiyo si vidole vyangu?"

"Vidole?"

"Nilidhani labda unga ulinasa kwenye kucha, nikimshika ukawa unamwingia. Unga wenyewe sijaugusa tangu siku ile. Nasugua kwa magadi, asubuhi na jioni."

Akavionyesha. Vilikuwa vyekundu, vimepasuka, na damu imekauka kwenye mikunjo.

Otilia, na mdomo wake wote ule, alitamani ardhi immeze. Ilinca akamnyooshea bibi mikono, naye bibi akaificha yake mgongoni.

"Mshike, mama," Otilia alisema, machozi yakimtoka. "Nakuomba, mshike."

Veta hakuitoa mikono.

"Una hakika, mwanangu?" aliuliza. "Sitamdhuru?"