Siku Niliyokimbia Vitasa

Kwetu Altenfehn, mwanamke akitimiza miaka thelathini bila mume, marafiki zake humburuta mpaka kwenye ngazi za manispaa wakampa mswaki. Mbele yake husimamisha ubao mrefu uliogongomewa vitasa vya milango, vyote vimepakwa haradali, povu la kunyolea, mafuta ya samaki na uchafu mwingine wowote ambao walevi wanaweza kuubuni. Anasugua mpaka ving'ae huku mji mzima ukicheka, na haachiliwi mpaka atokee mwanamume asiye na mke ambusu. Wanaume nao wana adhabu yao, hufagia ngazi zilezile. Ni mila nzuri sana inapomkuta mtu mwingine.

Zamu yangu iliangukia Jumatano moja ya Septemba, na nasema kweli, nisingekimbia kama si Hauke. Nilikaa na Hauke miaka minane. Watu walishatupangia harusi, hadi rangi ya vitambaa vya meza. Halafu mwezi wa pili akaniambia anahitaji kupumua, kana kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nimemkaba koo. Akabeba viatu vyake na mashine ya kahawa, akaenda kupumulia mtaa wa tatu, kwa hiyo bado nakutana naye kila Jumamosi kwenye foleni ya mikate.

Wiki moja kabla ya siku yangu nilipita kwa Swantje, shoga yangu tangu chekechea. Nilimkuta jikoni amenipa mgongo, mtoto begani, simu sikioni.

"Hauke lazima aje," alikuwa anasema. "Bila Hauke haina maana yoyote."

Nikarudi kinyumenyume hadi barabarani. Halikuwa jambo la kuumiza kichwa. Wanaume wasio na wake wamebaki wachache Altenfehn, na Hauke ni mmoja wao. Basi walikuwa wamepanga nisugue mpaka mikono iniume, halafu Hauke ajitokeze na sare zake za zimamoto, anibusu mbele ya watu, na akina mama wafute machozi wakisema labda watarudiana. Haradali ningeivumilia. Busu la kuonewa huruma, hapana.

Kumuuliza Swantje sikuweza, maana matayarisho yale ni siri na mwenye siku haulizi. Nikaamua nitaondoka alfajiri, nitaizima simu, na siku yangu nitaila peke yangu. Tena niifurahie kwa makusudi. Nilitaka jioni mtu akiniuliza siku ilikuwaje, nimjibu "nzuri" bila kudanganya. Hilo tu.

Nikachagua Onnoland. Utotoni tulipelekwa huko kila kiangazi, mimi na Swantje, na kwa macho yangu ilikuwa ndiyo bustani kubwa ya michezo kuliko zote duniani. Isitoshe, ukiwa na siku ya kuzaliwa unaingia bure.

Nilishuka kwenye basi manyunyu yakiwa yameshaanza. Uwanja wa magari ulikuwa na gari moja, na kwenye dirisha la tiketi alikaa mama wa miaka sitini hivi, kofia nyekundu kichwani, kibao kifuani kimeandikwa A. Focken.

"Mtu mzima mmoja," nikasema.

"Na watoto?"

"Hakuna."

Akachungulia nyuma yangu, pengine nimewaficha. "Mtu mzima mmoja, watoto hakuna," akarudia polepole.

"Na leo ni siku yangu ya kuzaliwa. Mmeandika pale kwamba mwenye siku anaingia bure."

"Tuliandika tukiwafikiria watoto."

"Hamkusema watoto, mama."

Akashusha pumzi, akakipokea kitambulisho changu, akakisoma, kisha akakitazama kidole changu cha pete. Uso wote ukachangamka. "Thelathini! Na kidole kitupu! We binti, umekimbia vitasa wewe."

"Nimekuja kutembea."

"Jumatano? Na mvua hii? Usinichekeshe. Mdogo wangu alikimbilia Denmark, siku tatu nzima. Tukamsubiri. Aliporudi alikuta tumeongeza vitasa vingine."

Akatoa chini ya meza taji la karatasi ya dhahabu, la kumtosha mtoto wa darasa la kwanza. "Vaa. Anayeingia bure anavaa taji. Hiyo nayo imeandikwa."

Nikaingia nimevaa taji.

Sijui nilitegemea nini. Ile slaidi ya kutisha, ambayo Swantje aliwahi kugoma kushuka akalia juu kabisa, ilinifika kidevuni. Joka la mlangoni, ambalo zamani lilitoa moshi puani, sasa lilikuwa limepoteza pua yenyewe. Mbuzi wawili walisimama chini ya kibanda, wakanitazama wakaona sina kitu, wakageuka. Mimi nikawaambia kwa sauti kwamba nafurahi kuwaona, maana nilikuwa nimeshaamua kufurahi.

Nikaanza na vigari vya reli ya juu, vile vya kukanyaga pedali, vinavyozunguka bustani nzima juu ya nguzo. Kila kigari kina viti viwili na pedali pande mbili. Nikakaa kushoto, nikakanyaga. Upande wa pili ukiwa mtupu, kigari kikaenda kimepinda, kikilalamika, mpaka kwenye kona iliyo juu ya bwawa la bata. Hapo kikakwama. Nikakanyaga mpaka mapaja yakawaka moto. Nikahamia kulia nikakanyaga upande ule. Nikajaribu kunyoosha mguu mmoja huku na mmoja kule, na taji likaanguka bwawani. Bata mmoja akalisogelea, akalionja, akaliacha.

Bi Focken akaja chini na ufagio wenye mpini mrefu, akanisukuma kutoka nyuma kidogo kidogo hadi kituoni.

"Hivi ni vya watu wawili," akasema.

"Nimeona."

"Ungeuliza ningekuambia."

Niliona njaa, nikaenda kwenye kibanda cha chipsi. Kilikuwa kimefungwa. Punde dirisha likafunguliwa na Bi Focken akatokeza, mara hii na kofia nyeupe, akihema. "Karibu, nikusaidie nini?" akauliza, mgeni kabisa, kana kwamba hatujapata kuonana. Nikaagiza chipsi na mayonezi. Sahani ndogo hakuna, akasema, iko ya familia tu. Nikaila sahani ya familia nimesimama chini ya mwavuli wa plastiki, na robo yake wakala mbuzi, ambao ghafla walinikumbuka.

Treni ya kiwavi, ile inayopanda kilima na kushuka, ilikuwa na bango: mtu mzima hapandi bila mtoto. Bi Focken alifika akiwa na kofia ya kijani.

"Sasa nikamtoe wapi mtoto?" nikamwuliza.

"Mimi sheria sikuitunga. Watu wazima peke yao waliwahi kukwama magoti, ikabidi tulete grisi."

Ikabaki merikebu ya bembea. Hiyo niliipenda kuliko zote. Mimi na Swantje tulikuwa tunakaa nyuma kabisa, tumeshikana mikono, na ikifika juu tunapiga kelele majina ya wavulana tuliowapenda, kwa sababu upepo unayachukua na hakuna anayesikia. Nikamwona Bi Focken anakuja, ana kofia ya nahodha, na kabla sijafungua mdomo alikuwa anatikisa kichwa.

"Mtu mmoja haiendi. Lazima uzito uwe pande zote mbili."

Nadhani uso wangu ulinisaliti. Nilisimama tu pale, nywele zimelowa, mayonezi kwenye mkono wa koti. Nilikuwa nimechoka. Siku nzima ilikuwa inaniambia jambo lilelile aliloniambia Hauke kwa adabu zaidi, kwamba nimebaki nusu.

Bi Focken alinitazama, akatazama merikebu, akatazama kibanda chake cha chipsi.

"Una kilo ngapi wewe?"

"Mama!"

"Nauliza kwa ajili ya viazi."

Tukaenda stoo tukabeba magunia ya viazi, moja moja kwa toroli, tukayakalisha kwenye viti vya mbele na kuyafunga mikanda. Aliniambia nitamlipa kwa kazi: vishikio vya shaba vya merikebu vimechafuka, na yeye mgongo unamsumbua. Nikakubali hata kabla ya kufikiri. Nikaketi nyuma kabisa, mahali petu, gunia moja ubavuni mwangu ili pasiwe na pengo, na merikebu ikaanza kwenda.

Ilikuwa tamu, siwezi kukana. Ikapanda mpaka tumbo likaruka, nikaona paa za mashamba na mfereji na mvua ikija kutoka upande wa bahari. Nikacheka peke yangu. Nikapaza sauti, na kwa kuwa sikuwa na jina la mvulana, nikalitaja langu: "Imke!" Halafu nikageuka kando kusema "umesikia?" na lilikuwepo gunia la viazi. Nikajisikia mpweke, upweke wa kweli. Na aliyenipungukia pale hakuwa Hauke. Hauke alikuwa akipanda merikebu anatapika. Nilimtaka Swantje.

Baada ya hapo nilitimiza ahadi. Bi Focken aliniletea kopo la dawa ya shaba, kitambaa, na kwa ajili ya pembe zile finyu akaniletea mswaki. Nikautazama ule mswaki. Yeye akatazama mawingu.

"Huna kitu kingine?" nikauliza.

"Sina."

Nikasugua vishikio vyote vya merikebu ile, kimoja baada ya kingine, mwanamke wa miaka thelathini asiye na mume, na nikavisugua mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Bi Focken alisimama na mwavuli juu ya kichwa changu. "Una mkono mzuri," akasema. "Watu wako wamekosa tamasha." Kisha akanipa taji jingine, la kwendea nyumbani.

Nilifika Altenfehn saa kumi na mbili jioni. Sikupita uwanja wa manispaa. Nilizungukia nyuma ya kanisa, nikanyata kando ya ua wa jirani, na pale mlangoni pangu alikuwa amekaa Swantje, mwavuli kichwani, mtoto wake Jelto amelala mapajani. Kitasa cha mlango wangu hakikuonekana kwa haradali.

"Umechelewa, Malkia," akasema.

Nikakumbuka kwamba bado nimevaa taji. "Swantje, najua umekasirika."

"Sijakasirika. Nina baridi. Ulikuwa wapi?"

"Onnoland."

"Bila mimi?" Hapo ndipo alipokasirika. "Mwaka mzima nakuambia twende Onnoland!"

"Nilikusikia kwenye simu," nikasema. Nikaamua niyatoe yote. "Ulisema Hauke lazima aje. Mimi sitaki busu la Hauke, Swantje. Si mbele ya watu, si mahali popote."

Alinikodolea macho. "Busu?" akasema. "Busu gani? Imke, kichwa chako kina nini? Nani amekufanya ufike thelathini bila mume?"

"Hauke."

"Basi, nani anapaswa kusugua?"

Akanipa simu yake. Kwenye picha, Hauke alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi za manispaa na sare zake za zimamoto, haradali mpaka kwenye nyusi, mswaki mkononi, mbele yake ubao wangu wenye vitasa. Nyuma yake mji mzima. Kulikuwa na watu ambao sikuwa nimewaona tangu ubatizo wa Jelto. Mwenye duka la mikate alikuwa amefunga duka.

"Alikubali?"

"Kamanda wake alikuwa amesimama pale. Angekataaje? Amesugua tangu asubuhi. Tukatangaza kwamba akitokea msichana wa kumbusu tutamwachilia."

"Na?"

"Hakutokea mtu. Saa kumi mvua ikazidi, tukamfungulia kwa huruma." Akafuta maji kwenye simu. "Kiti chako kilikuwa mstari wa mbele, shoga yangu. Chenye mto. Tumekupigia simu mpaka vidole vimeota sugu, na wewe umezima."

Nikakaa kwenye ngazi kando yake. Wakati wa jambo tamu kuliko yote yaliyowahi kutokea Altenfehn, mimi nilikuwa juu ya merikebu na viazi. Nikamwambia hivyo. Nikamweleza bata, mbuzi, grisi na magunia yaliyofungwa mikanda, na alicheka mpaka Jelto akaamka, na mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa mpigo mmoja, sikujua kipi ni kipi.

"Kitasa hiki tumekubakishia," akasema baadaye, akanipa mswaki. "Mila ni mila. Na keki iko ndani."

Nikasugua. Dakika chache tu kikawa kinang'aa, pembe zote, na Swantje akainama kukikagua.

"Umejifunzia wapi?"

"Ni hadithi ndefu."

"Mseja wa kukubusu huyu hapa." Akamwinua Jelto usoni pangu. Mdomo wa Jelto ulikuwa umelowa na una biskuti, na alinibusu hadi ndani ya pua. Nikafungua mlango, tukaingia, nikaweka maji ya chai jikoni.

"Haya," Swantje akasema akivua viatu. "Mbali na hayo yote, siku ilikuwaje?"

"Mbaya," nikasema. "Mbaya kabisa. Hebu nionyeshe tena ile picha."