Nakala Mbili za Sauti ya Baba

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kaka yangu ana hasira za mbali: hapigi kelele, ananuna, na akinuna anaweza kununa mpaka ukasahau sauti yake ikoje. Sasa wachukue watu wawili wa namna hiyo, wafungie kwenye kazi moja isiyokwenda bila kusemezana, uone.

Kazi yenyewe ni kutunza mafaili ya kituo cha redio. Vipindi, habari, matangazo, sauti za watu waliokwisha kufa, vyote vimegawanywa mafungu, na mafungu yamewekwa kwenye seva mbili, kompyuta kubwa za kuhifadhia: ya kwanza chumba cha chini karibu na studio, ya pili jengo la ng'ambo ya uwanja. Mtangazaji akifungua faili lake hajui liko seva ipi, wala hana haja ya kujua. Kompyuta yake inaiuliza Orodha, daftari la ndani ya mtambo linaloonyesha kila fungu lilipo, nayo Orodha inajibu: fungu hilo liko seva ya pili, nenda. Ndiyo maana fungu likihamishwa lazima Orodha ijue. Orodha ikisema huku na fungu likawa kule, mtu anaambiwa faili lake halipo, na hapo simu zinaanza kulia na sisi kutukanwa.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Hakuna anayefuta nakala yoyote kabla ya kuulizana. Mimi kwenye Orodha, yeye mbele ya seva, simu sikioni. "Fungu la michezo liko wapi?" "Nalitazama hapa, seva ya kwanza." "Orodha nayo inasema hivyo hivyo. Haya, ya pili futa." Watu wa studio walikuwa wakituigiza. Mtangazaji mmoja kila akinikuta kwenye korido ananiuliza, "Fungu la mumeo liko wapi?" Namjibu, "Asubuhi lilikuwa kwangu, sasa hivi muulize mkeo." Tunacheka, siku inakwenda.

Basi tukagombana, mimi na kaka, na tulimgombania baba.

Baba alisoma taarifa ya habari kituoni hapo hapo mpaka alipostaafu. Hata ukiwa jikoni na sufuria linachemka, akianza kusoma ulinyamaza mwenyewe. Halafu koo likaingia ugonjwa, madaktari wakasema ni kukata au kufa, akachagua kukatwa. Kabla ya kulazwa alijifungia studio peke yake akarekodi maneno ya kumwambia mdogo wetu wa mwisho siku ya harusi yake. Wakati huo binti hata mchumba hakuwa naye. "Nikipona sitakuwa na sauti tena," alituambia, "na huyu kitinda mimba sijamwozesha. Nitunzieni." Hakutusikilizisha hata neno. Tukaliweka faili lile kwenye fungu lake la zamani, na mdogo wetu tukamwambia lipo, linamsubiri.

Baba alipotoka hospitali alikaa kwangu, kitambaa shingoni, mazungumzo yake kwa kibao na chaki. Harusi ilipokaribia, kaka akaja na habari kwamba sasa zamu ni yake, mzee ahamie kwake. Nikamwambia baba si kabati. Akaniambia namfanya mzee mali yangu. Ulimi hauna mfupa: nilimrudishia maneno ambayo siwezi kuyarudia, tena mbele ya wifi yangu. Kaka akanyanyuka akaondoka, chai hajaigusa. Tangu siku hiyo kazini tukawa tunapishana kama wapangaji wasiojuana. Akiwa na neno anamwambia karani, karani ananiletea.

Jumanne alasiri alianza kuhamisha mafungu ya wastaafu kutoka seva ya kwanza kwenda ya pili, maana ya kwanza ilikuwa imejaa. Umeme ukakatika katikati. Uliporudi, fungu la baba lilikuwa na nakala mbili, zote nzima, moja kila seva, na Orodha bado ikisema lipo seva ya kwanza.

Nililiona hilo Jumatano asubuhi. Mkono ulifika mpaka kwenye simu, kweli kabisa. Nikajisemea, nimpigie ili aninunie? Thubutu! Orodha inasema seva ya kwanza, basi iliyoko ya pili ni mabaki ya uhamisho ulioshindikana. Nikaifuta. Kumbe kaka, ng'ambo ya uwanja, naye alikuwa anatazama jambo lile lile. Yeye ndiye aliyekuwa anahamisha, alijua fungu linakwenda seva ya pili, na alikuwa ameikagua nakala ya pili akaiona nzima. Basi ya kwanza ni mabaki. Akaifuta, akaisahihisha na Orodha vizuri kabisa. Kila mmoja wetu alikuwa na haki ya kufuta alichofuta, na hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi mpiga muziki wa harusi akaniomba lile faili ili alijaribu. Nikabonyeza. Halipo. Nikabonyeza tena kama mpumbavu, halafu nikampigia kaka.

"Fungu la baba liko wapi?"

"Seva ya pili. Orodha si inakwambia?"

"Ya pili niliifuta jana."

Nilisikia anavuta kiti. "Mdogo wangu, usinitanie."

"Niliifuta, kaka. Lipo ya kwanza."

"Ya kwanza nimeifuta mimi."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Natamani angenitukana. Nakala za akiba za mafungu ya wastaafu tuliacha kuzichukua zamani ili kuokoa nafasi, na shauri hilo tulilitoa sisi wenyewe. Siku nzima tulihangaika kuzifukua diski za seva zote mbili, tukakuta pale ilipokuwa sauti ya baba pameshaandikwa matangazo ya sabuni. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja hata kuzaliwa.

Jioni tukaenda pamoja nyumbani kwangu, kwa baba. Tulimkuta anang'arisha viatu vya harusi. Kaka alianza kueleza, nikamalizia mimi. Baba alikuwa mtu wa kituo, hakuhitaji kurudiwa. Aliweka brashi chini, akachukua chaki.

"Hamkuulizana?"

Akafuta kibao kwa kiganja. Nikamwomba aandike yale maneno, kaka atayasoma, au mimi. Akaandika, "Yalikuwa ya kusikia," akarudi kwenye viatu vyake. Nililia kama mtoto, na yeye hakunitazama.

Kuanzia hapo mimi na kaka tulisemezana kila jambo, viti, magari, maua. Jambo moja tu hakuna aliyetaka kuligusa. Mimi nilidhani yeye ameshamwambia mdogo wetu na mshereheshaji, kwa kuwa ndiye mkubwa. Yeye alidhani nimewaambia mimi, kwa kuwa ndiye ninayeishi na baba. Jamani, watu hawajifunzi.

Jumamosi ukumbi ulikuwa umejaa. Mshereheshaji akaitazama ratiba yake, akatabasamu mpaka masikioni. "Na sasa, sauti ambayo sote tuliizoea! Tumsikilize mzee akimuaga binti yake!" Mpiga muziki akanitazama mimi. Mimi nikamtazama kaka. Kaka akatazama sakafu.

Baba ndiye aliyesimama. Alitengeneza kitambaa chake shingoni, akaenda mpaka mbele ya bibi harusi, akamshika mikono yote miwili. Midomo ikaanza kwenda. Alikuwa anasema yote, taratibu, kituo kwa kituo, kama alivyokuwa akisoma habari, nyusi zikipanda kwenye neno zito. Hakuna kilichosikika.

Mdogo wetu alikuwa anacheka na kulia pamoja. Alidhani faili linapigwa, na kwamba baba anayafuatisha maneno yake mwenyewe kwa midomo. Akatega sikio upande wa spika, akangoja. Kisha akatugeukia sisi wawili, macho yamejaa machozi.

"Kaka! Dada! Ongezeni sauti, simsikii!"