Makopo ya Mjomba

Nyumbani kwetu tulikuwa tunakula kwa kubahatisha. Binti yangu alikuwa akirudi kazini na makopo yaliyobonyea, mengi yakiwa yamebanduka hata karatasi ya jina, na kabla ya kulifungua kopo wajukuu wangu pacha walilitikisa sikioni na kubishana.

"Maharage haya!"

"Wapi! Supu hii, sikia inavyocheka."

Siku moja walikosea wote wawili. Tulifungua tukakuta chakula cha paka. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, kisha nikaona kwamba mama yao hacheki. Alikuwa amelishika kopo lile kwa vidole viwili.

"Baba," akaniambia, "hii ndiyo ovataimu yangu ya wiki nzima."

Alikuwa keshia katika duka kubwa la vyakula kwenye barabara kuu, na wenzake walimwita Mama Pacha. Mwenye duka hakutaka kuitwa bosi. Alisema bosi ni neno la watu wasiojuana. Yeye aliitwa Mjomba, na wafanyakazi wake akawaita wapwa. Mwanzoni nilimsifu kwa hilo. Baadaye nikaelewa kwamba mpwa hadai mshahara. Mpwa hupewa anachopewa, akashukuru.

Duka lilikuwa na mlango mkubwa wa bati, wa kuvuta juu na kushusha chini, na mshahara wa pale ulihesabiwa bati likiwa juu tu. Asubuhi walifika bati likiwa bado chini, wakapiga deki, wakapanga mikate, wakafuta vioo. Hayo hayakuhesabiwa. Jioni bati liliposhushwa na mteja wa mwisho ametoka, ndipo kazi yenyewe ilipoanza: kujaza rafu, kubandika bei, kuosha meza ya nyama, kisha kupanga foleni mlinzi apekue mikoba yao, mmoja mmoja, kama wageni waliokutwa chumbani kwa mtu. Hayo nayo hayakuhesabiwa. Mjomba aliyaita saa za familia. Na kwa saa za familia alitoa makopo yaliyobonyea.

"Bebeni, wapwa zangu, mkale na watoto."

Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Walibeba, wakashukuru.

Lakini tumbo lina akili zake. Baada ya muda, makopo yalianza kuanguka. Sijui sakafu ile ilikuwa na uchawi gani, maana iliyapenda makopo ya nyama na matunda kuliko ya maharage. Mkata nyama wa pale, ambaye wenzake walimwita Kisu, alikuwa akitangaza bati likishashuka, "Jamani, leo samaki wa kopo wanasikia kizunguzungu." Halafu puu! Wote wakacheka. Mjomba, aliyekuwa juu katika ofisi yake ya vioo, aliisikia ile puu na hakusema neno. Walidhani hajui. Mtu anayejua bei ya kila kijiko dukani mwake, atashindwaje kuijua sauti ya kopo lake?

Binti yangu hakuangusha. Alikuwa akiokota yanayobaki chini ya kreti wenzake wakishachagua. Ndiyo maana tukala cha paka.

Sasa mbele ya geti la hospitali kulikuwa na fremu ndogo ya duka, tupu. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja mjane, na alikubali kumshikia binti yangu mpaka mwisho wa mwezi apate kodi ya kuanzia. Binti yangu alipita pale kila siku, ingawa haikuwa njia yake. Alishapanga wapi pakae mikate, wapi maziwa, wapi sabuni na kandambili za wagonjwa wanaolazwa ghafla.

"Nataka mlango ninaoufunga mwenyewe, Baba," alisema. "Nikifunga, nimefunga."

Kodi hiyo hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni jasho la miaka lililolala kwa Mjomba. Nikamwambia aende ofisi ya kazi. Nikamwambia mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

"Haki yangu naijua, Baba. Ninachokosa ni mashahidi."

Basi akawaleta nyumbani wawili: Kisu, na dada mmoja anayepima mboga, aliyeitwa Dada Mizani. Tuliwakaribisha kwa chai. Kisu alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Mimi? Nitasema mpaka huyo afisa aombe maji! Miaka yote naosha ile meza bure. Ng'ombe amekufa na bado analipiwa kwa kilo. Mimi mzima nalipwa kopo!"

"Na mimi mgongo huu," akasema Dada Mizani, "umeota kibiongo kwa kuinamia viazi baada ya bati. Tutakwenda wote, Mama Pacha. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe."

"Usinitajie ng'ombe," akasema Kisu, tukacheka tena.

Siku ya kikao nilimsindikiza binti yangu. Ofisi ya kazi ilikuwa chumba chenye mabenchi ya mbao na feni iliyozunguka bila kutoa upepo. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, aliyechoka lakini mwenye adabu. Kisu na Dada Mizani walikaa benchi la nyuma yetu, wamevaa nguo za kutokea.

Mjomba alikuja peke yake, bila wakili, na mfuko wa dukani mkononi.

"Shikamoo, mzee," akaniamkia.

"Marahaba." Ningefanyaje? Shikamoo hairudishwi.

Akautua mfuko juu ya meza ya afisa, akatoa makopo, akayapanga kama anavyopanga rafuni. Yote yalikuwa yamebonyea.

"Umetuletea chakula cha mchana?" afisa akauliza.

"Nimeleta mshahara wao, mama, kama wanavyouita wenyewe. Sibishi. Walibaki baada ya bati, ni kweli, na mimi niliwapa haya. Naomba swali moja tu. Kila shahidi ajibu hilo kwanza, kisha aseme habari za saa apendavyo." Akanyanyua kopo la nyama, akalizungusha ili bonyeo lionekane. "Hili liliangukaje?"

Nikasikia benchi la nyuma likilia.

"Maana," Mjomba akaendelea kwa upole, "anayezijua saa za baada ya bati, basi alikuwepo baada ya bati. Na aliyekuwepo anajua makopo yangu yaliangukaje, na nani aliyaangusha, na yalilala wapi usiku huo. Mpwa wangu Kisu, hebu anza wewe."

Kisu aliangalia mikono yake, mikono ile iliyopiga meza yetu.

"Mimi… mimi huwa natoka mapema."

"Mapema lini?"

"Bati likishuka tu. Natoka."

Afisa akamgeukia Dada Mizani. Dada alisema mgongo unamsumbua, kwa hiyo yeye pia hutoka mapema. Mgongo ule ule.

Nilitaka kugeuka niwatazame, shingo ikakataa.

"Haya," Mjomba akasema, "amebaki mpwa wangu mwenyewe mwenye madai. Mama Pacha, wewe umesema ulikuwepo. Hujawahi kuangusha?"

Moyo wangu ulitulia. Hili nilikuwa na uhakika nalo. Hakuna aliyemwona akiangusha, kwa sababu hakuangusha, na cha paka tulichokula kilikuwa shahidi wetu. Nikangoja aseme hapana.

Binti yangu alinitazama mimi kwanza.

"Moja," akasema.

"Lipi?" afisa akauliza.

"La mananasi. Baba alikuwa anaumwa."

Nilikumbuka. Nilikuwa na homa, kila chakula kilinirudi, na nilitamka kitandani, kama mzee anavyotamka jambo bila kuomba, kwamba ningepata nanasi la kopo, lenye ule utamu wa baridi, labda lingepita. Kesho yake alilileta. Bonyeo lake lilikuwa dogo, ubavuni, kama la kidole gumba. Karatasi yake ilikuwa nzima. Nikasema, "Leo Mjomba kakumbuka wagonjwa." Akanijibu, "Ndiyo, Baba." Nilimaliza vipande vyote, nikanywa na maji yake.

Afisa alivua miwani. "Mama, hakuna aliyekuapisha hapa. Ungeweza kusema…"

"Ningeweza," binti yangu akasema.

Mjomba hakucheka wala kujigamba. Alirudisha makopo mfukoni, moja moja. "Mimi sitaki mambo ya polisi. Sisi ni familia. Afute madai yake, nami nifute kopo langu."

"Kopo moja kwa jasho la miaka?" afisa akamuuliza.

"Wizi hauna kipimo, mama. Ukiiba sindano ni mwizi, ukiiba ng'ombe ni mwizi."

Nilisimama. Nilisema nitalilipa kopo lile, na kama anataka nitalipa kreti nzima. Mjomba aliniinulia mkono kwa heshima kubwa.

"Kaa, mzee wangu. Lile lilishaliwa."

Afisa alimweleza binti yangu bila kumficha. Madai yake ni halali, na sheria iko upande wake. Akitaka kuendelea, ofisi itaendelea. Lakini kesi ya wizi ikifunguliwa itakwenda njia yake, na yeye atasimamishwa kazi bila malipo mpaka iishe.

"Itachukua muda gani?"

"Miezi. Pengine zaidi."

"Na saa zangu?"

"Hizo nazo zitangoja."

Fremu ingengoja mpaka mwisho wa mwezi tu, na pacha walikuwa wanakula kila siku. Binti yangu aliomba kalamu. Afisa aliandika kwamba pande mbili zimepatana, akapiga muhuri kwa nguvu kuliko karatasi ilivyohitaji.

Nje, Kisu alitungoja kando ya ukuta.

"Mama Pacha, usinichukie. Nina watoto."

"Wangu ni paka?"

"Sikusema hivyo. Ila wewe ulisema kweli, dada yangu. Mungu atakulipa."

"Naye atanilipa baada ya bati?"

Tukamwacha pale na nguo zake za kutokea.

Mngedhani mambo yaliishia hapo, lakini Mjomba alikuwa na la ziada. Tangu siku ile, makopo yaliyobonyea yalitupwa kwenye pipa nyuma ya duka na kumwagiwa dawa ya kufulia, ili asije mtu akayatamani. Kazi ya baada ya bati ilibaki vilevile. Wafanyakazi hawakumnunia Mjomba. Walimnunia binti yangu. Dada Mizani alimwambia mbele ya wateja, "Umetutoa tonge mdomoni, shoga. Ungenyamaza tu na cha paka chako." Na wakati wa chai wakaacha kumsogezea kiti.

Fremu ilichukuliwa na kijana anayetengeneza simu. Amepaka mlango rangi nyekundu. Binti yangu sasa anapita njia yake ya kawaida.

Niliweka akiba mpaka ikafika bei ya kopo moja. Jioni moja nikaenda dukani, nikachagua nanasi, kopo zima lisilo na hata mkwaruzo, nikapanga foleni kwa binti yangu. Alilipitisha kwenye mashine, ikalia.

"Una hamu, Baba?"

"Sina."

Akanipa risiti. Macho yake yalikuwa yameshanielewa, lakini mdomo ulisema yale anayolazimika kumwambia kila mteja, "Asante kwa kununua kwetu. Karibu tena."

Nikapanda ngazi mpaka ofisi ya vioo. Mjomba alinyanyuka, akaniamkia, akanivutia kiti. Sikukaa. Nikaliweka kopo mezani pake.

"Kopo lako hilo. Sasa binti yangu hana deni. Nimekuja kuuliza habari za saa zake."

Mjomba alilichukua, akaligeuza chini juu, akasoma tarehe, akalipapasa ubavuni kutafuta bonyeo. Hakuliona. Kisha akafungua mlango, akaita, "Kisu! Njoo, mpwa wangu. Rudisha hili rafuni."

"Nimeuliza habari za saa," nikasema.

"Yale tulipatana, mzee. Karatasi ipo, na muhuri wake. Angalia ngazi unaposhuka, zina utelezi."

Nilipokuwa nashuka, nililiona kopo langu limeshasimama katika safu yake, jina mbele, likingoja kuuzwa tena. Kisu alikuwa amenipa mgongo.

Nikatoka. Nyuma yangu bati likaanza kushuka kwa kelele, likakwama kidogo juu ya sakafu, kama kawaida yake, kabla hawajalisukuma mpaka chini. Sikuondoka. Katika uwazi ule niliona ndoo, na dekio, na viatu vya binti yangu, vile vyenye kisigino nilichokigundisha mimi. Vilikuwa vinakwenda mbele na kurudi nyuma.

Mama mmoja akaja mbio mbio na kikapu, akasimama karibu yangu akihema.

"Mzee, ndiyo wamefunga?"

"Wamefunga," nikamwambia.

Akaguna, akaenda zake. Ndani, dekio lilikuwa linaendelea.