Mwenye Nyumba wa Mwisho

Kila fomu ya kupanga nyumba mjini Auckland ilikuwa na swali lilelile, na Rotia alikwama hapohapo kila mara: taja mwenye nyumba wako wa mwisho na namba yake ya simu. Yeye ametoka Abemama, kisiwa cha Kiribati, ambako mtu hulala kwenye ardhi ya babu zake na hatozwi hata senti. Kwenye fomu za mwanzo aliliruka swali hilo. Baadaye akaandika ukweli, kwamba hajawahi kupanga, na mawakala wakamkalia kimya, naye akarudi kuliruka.

Jumamosi hiyo alikwenda kuona nyumba ya kumi na moja. Binamu yake aliyewapa sebule walale alikuwa ameshabanwa na mwenye nyumba wake: watu tisa wamezidi, wapungue kabla ya Ijumaa. Mpango uliobaki ulikuwa Kaure, mumewe, ajibanze kwa wenzake wa kiwanda cha mbao, naye Rotia na binti yao waende kwa jamaa wa mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi. Walivuka bahari ili waishi pamoja, na sasa watawanyike kwa sababu ya fomu! Rotia akiliwaza hilo alipandwa na hasira.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Bi Doreen, mjane mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, na kodi yake Kaure angeimudu. Wengine waliokuja kuiona waliuliza habari za intaneti na maegesho ya gari, wakajaza fomu, wakaenda zao. Yeye alibaki, maana udadisi ulikuwa umemzidi. Alinusa kabati. Aligonga ukuta. Kwenye fremu ya mlango aliona mistari ya penseli iliyopima urefu wa mtoto, akainama kutazama mtoto huyo alikuwa amefikia wapi.

"Umeacha wazi hapa," Bi Doreen alisema, akinyanyua fomu ya Rotia. "Ni nani anayekujua?"

"Na wewe, mama, ni nani anayekujua?"

Hakusema kwa ujeuri. Alitaka kujua kweli. Kama ataishi nyuma ya nyumba ya mtu, naye si amjue? Bi Doreen alimkodolea macho. Miaka yote ya kupangisha hakuna aliyewahi kumuuliza. Kisha akachukua simu, akampigia Harpal, mpangaji wake wa mwisho, baba wa yule mtoto aliyepimwa mlangoni, na akaweka sauti ya nje.

Harpal alicheka kwanza. Nyumba ni nzuri, alisema, ila Julai, baridi ikikaza, utavaa soksi tatu. Halafu huyo mama huingia bila hodi, sahani ya keki mkononi, hata kumkasirikia unashindwa.

Bi Doreen aliiva uso hadi masikioni. Alishikilia kwamba hodi alipiga siku zote, ila Harpal ni kiziwi.

"Haya," alisema simu ilipokatika. "Sasa nipe anayekujua wewe."

Rotia hakuwa na mwingine zaidi ya mama yake. Alimpigia Kaobunang kule Abemama, akamweleza kwamba kuna mama hapa anataka kujua yeye ni mtu wa kuishi naye au la. Kaobunang akaanza, na hakupumua.

"Anasema nimekaa kwake miaka thelathini na moja," Rotia alitafsiri. "Anasema nina mdomo. Nasahau sufuria motoni. Nikikasirika nafagia hata palipo safi."

"Mbona yeye ameongea mengi kuliko hayo?" Bi Doreen aliuliza.

"Anasema pia sijawahi kumfungia mtu mlango."

Kaobunang akaongeza jambo moja, polepole. Rotia alijifuta uso kwa kiganja, mara mbili.

"Amesema nini?"

"Anasema ukinichoka usinitoe barabarani. Umpigie yeye. Mkeka wangu kule nyumbani hajaulalia mtu."

Bi Doreen akavaa miwani yake, akaomba namba ya Kaobunang, akaiandika tarakimu moja moja nyuma ya kalenda ya jikoni.

"Siku nikikuchoka nitampigia," alisema, akamwekea Rotia funguo mkononi.